KITAKO KIPYA KATIKA BUNDUKI YA ZAMANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, waalimu na wakulima hapa Tunduma)

Tuliombwa tuseme habari za useremala, na bila shaka wengi mlidhani mtasikia habari za meza na madirisha. Hayo twayaacha kwa siku nyingine. Leo twataka kusema habari ya mti wa bunduki, yaani ule mti unaoshika mtutu na kuegemea bega, ambao wengi huuita kitako.

Sababu yetu ni hii. Tuliletewa gobori moja kutoka upande wa bonde la Rukwa, mali ya mzee alindaye mahindi ya jamaa zake yasiliwe na nguruwe. Shingo ya kitako chake ilikuwa imevunjika. Mzee aliifunga kwa waya, juu ya waya akavika ngozi mbichi ya mbuzi, nayo ngozi ikakauka ikabana kama chuma, na juu ya ngozi akapaka lami. Kwa macho ilikuwa imara kabisa. Lakini tulipoikata ile ngozi, vipande viwili vilianguka mezani, kila kimoja upande wake. Mzee wetu alikuwa ameweka shavu lake juu ya kitu kile muda wa miaka minne.

Kabla hatujaingia katika kazi yenyewe, yapasa tuseme jambo la sheria, kwa maana useremala huu si kama mwingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuwa na bunduki pasipo leseni, hata ikiwa ni gobori aliloachiwa na babu yake. Wala haimruhusu mtu kufanya kazi ya ufundi wa bunduki pasipo leseni ya kazi hiyo. Sisi tu maseremala. Kazi hii twaifanya chini ya fundi wa bunduki mwenye leseni, na bunduki haifiki mezani petu mpaka yeye ameisoma leseni ya mwenyewe na kulinganisha namba. Mtu asiye na karatasi twamwambia aende polisi kwa hiari yake kabla polisi hawajamwendea yeye.

Tena kuna jambo la kujua kama gobori lina kitu tumboni. Bunduki za siku hizi hufunguliwa nyuma, mtu akaona kwa macho. Gobori hujazwa kwa kinywa, na aliyelijaza mwaka juzi huenda amesahau, au amekufa. Baruti nyeusi iliyoshindiliwa ikabaki kavu yaweza kukaa miaka mingi sana isipoteze nguvu zake. Kwa hiyo huchukuliwa mdeki, ukatiwa katika mtutu mpaka mwisho, na alama ikatiwa penye kinywa. Kisha mdeki hulazwa nje, sambamba na mtutu. Ikiwa ncha yake haikufika karibu na pale panapotiwa fataki, ndani mna kitu. Hapo sisi twaondoa mikono yetu, na fundi mwenye leseni huendelea peke yake. Waalimu, twawasihi ninyi hasa: mtoto akiwaambia ya kuwa kwao kuna gobori la zamani limetundikwa ukutani, msiseme kwamba ni kitu kibovu tu. Mwambieni baba yake.

Huenda mtu akauliza, mbona magobori yangalipo katika nchi ambayo bunduki nzuri zimefika zamani? Jibu lake ni la miaka zaidi ya mia. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliozuia silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, zipigazo mbali na kwa shabaha, zilikatazwa isipokuwa kwa serikali na watu wachache walioruhusiwa. Gumegume zenye mtutu laini ziliweza kupita, kwa amri na hesabu. Basi askari wa serikali wakashika bunduki za aina moja, na wanavijiji wakabaki na aina nyingine. Hata askari wenyewe hawakupewa zote zilizo mpya: vita ilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya Wajerumani katika nchi hii yalikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zitoazo moshi mwingi. Ninyi wa mpakani mwajua ya kuwa vita ile ilimalizikia karibu na hapa. Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita upande wa Fife, ng'ambo ya mpaka, hata likaweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala, tarehe 25 ya mwezi ule.

Bunduki hizo zote, za askari na za wanakijiji, chuma chake kilidumu kuliko mti wake. Chuma kikitunzwa kwa mafuta huishi. Mti hupasuka, huliwa na mchwa, huoza kwa mvua. Ndiyo maana mara nyingi mtaona mtutu wa Ulaya juu ya mti wa msitu wa huku. Wanyiha walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe tangu kale, na watu waliozoea kutia mpini katika jembe na shoka hawakuona ajabu kuchonga mti wa bunduki. Tumeona vitako vya zamani vilivyochongwa vizuri sana kwa tezo na kisu tu. Tumeona pia vibaya.

Basi tuje katika jambo kubwa. Mtakalosahau jingine lote, hili mlishike. Baruti iwakapo husukuma risasi mbele, na kwa wakati huo huo husukuma mtutu nyuma. Lile teke lazima lipokewe na mti mahali fulani. Nyuma ya mtutu pana uso wa chuma ulio bapa na mpana. Nyuma ya uso huo umetoka ulimi mwembamba wa chuma, ambao sisi twauita mkia, nao hulala juu ya shingo ya kitako na kufungwa kwa parafujo. Kazi ya mkia ni kushika mtutu usiinuke, haikuwekwa kupokea teke. Teke lapaswa kupokewa na ule uso bapa, uliokaa juu ya mti mzima, pote pote bila nafasi.

Fundi mvivu hufanya kinyume. Huchimba mti upana kidogo pale penye uso bapa, kwa kuwa ni pagumu kupafikia kwa patasi, na mkia huubana barabara kwa sababu ndio unaoonekana na watu. Mwenye bunduki hufurahi kuona hata unywele haupiti. Kumbe ndani uso bapa haugusi kitu. Kila bunduki inapolia, mtutu hurudi nyuma, na ncha ya mkia hupiga mti kama kabari apigavyo mpasua kuni. Mara ya kwanza huonekani ufa. Mara ya kumi waonekana mstari mwembamba nyuma ya mkia. Siku moja shingo hukatika, na mpigaji hupata chuma usoni. Ndivyo lilivyofanyika katika gobori la yule mzee, na waya wake haukuweza kusaidia neno, kwa maana kabari ilikuwa ingali mahali pake.

Kwa hiyo katika kitako kizuri uso bapa hukaa kwa kubana, na nyuma ya ncha ya mkia huachwa nafasi ndogo, unene wa karatasi nene. Mtu asiyejua huidhania kuwa ni kosa la fundi. Tumewahi kuambiwa na mteja tuijaze kwa gundi, tukakataa, akaondoka na hasira.

Sasa mti wenyewe. Huko Ulaya hupenda mti wa jozi, ambao ukiwa mkavu futi moja ya ujazo ina uzito wa ratli 40 hivi. Sisi hatuna jozi, lakini tuna mninga katika miombo yetu, na uzito wake hauko mbali na huo. Mninga una sifa moja ambayo kwa kazi hii ni kubwa kuliko rangi yake: ukikauka haunywei sana wala haupindi. Mkongo nao ni mti mwema, ila ni mzito zaidi. Mpingo wausifu watu kwa ugumu wake, lakini futi moja ya ujazo hupita ratli 75, nao huzama majini. Atakayeubeba shambani usiku kucha atajuta. Na mninga haukatwi ovyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu ndio watoao vibali hivyo. Kitako kimoja chataka ubao mdogo tu. Yafaa kuununua kwa muuza mbao mwenye risiti kuliko kuangusha mti mzima ulioishi miaka mingi kabla yetu.

Mti lazima uwe mkavu, na hapa tutaungama kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita tulitengeneza kitako kwa ubao uliokuwa bado na maji ndani. Mwenyewe alikuwa na haraka, masika yalikuwa yamekaribia, nasi tukakubali kwa ajili ya fedha. Kilikaa vizuri mno siku ya kukabidhi. Mwenyewe alishuka nacho toka Mbozi, ambako nchi ni ya juu, mita 1,500 na zaidi, mpaka bonde la Rukwa lililo kama mita 800 tu na joto lake ni kali. Mwezi wa tatu alirudi. Mti ulikuwa umenywea, parafujo zalegea, na ufa ulikuwa umeanzia penye mtambo. Tulimtengenezea kingine bure, na ubao ule mbaya ukawa kuni. Tangu siku ile hatuchongi ubao wowote pasipo kuupima. Twapaka nta katika ncha zake mbili, kwa kuwa mti hutoka maji kwa ncha kuliko kwa ubavu, na ncha zikikauka mbio hupasuka. Twaulaza kivulini penye upepo, na kila mwezi twautia mizanini na kuandika uzito wake ukutani. Uzito unaposimama miezi miwili au mitatu bila kupungua, ndipo tunapoamini. Kwa desturi ubao hutaka mwaka mmoja hivi kwa kila inchi ya unene.

Tazameni pia nyuzi za mti. Kila mkulima ajua ya kuwa mpini wa shoka wenye nyuzi zilizokatika ubavuni hauvuki msimu. Shingo ya kitako ndiyo nyembamba kuliko pote, na tena imepinda. Nyuzi zapaswa kuifuata shingo toka mwanzo mpaka mwisho. Ubao ukiwa mzuri wa rangi lakini nyuzi zakatiza shingoni, tengeneza kigoda.

Kulaza chuma katika mti ni kazi ya masizi na subira. Twachukua masizi ya kibatari, twayachanganya na mafuta kidogo, na kupaka chini ya mtutu kwa ukoma mwembamba. Twaukandamiza mtutu juu ya mti, kisha twauinua. Pale panapogusa huacha doa jeusi. Doa lile tu ndilo linalokwanguliwa kwa patasi kali, wala si mahali pengine. Kisha masizi tena, kukandamiza tena, kukwangua tena. Mtutu mmoja waweza kutuchukua siku tatu. Mwanafunzi asiye na subira huona doa moja akatoa mti wa madoa matano, na mti ukishatoka haurudi. Twaanza na mtutu na uso wake bapa, kisha mkia, kisha mtambo, ambao ni mgumu kwa kuwa una vyuma vingi vinavyocheza ndani na hakuna hata kimoja kinachopaswa kugusa mti katika kucheza kwake. Hatuchimbi zaidi ya haja: pale penye mtambo mti umebaki mwembamba, na kila tunachoondoa bure twakiondoa katika nguvu za shingo. Kila parafujo hutobolewa tundu lake kwanza kwa keekee, ikapakwa sabuni au nta, ndipo ikakazwa polepole.

Hata hapo kitako kingali gogo la mraba. Umbo la nje huja mwisho, na hapo ndipo twamwita mwenyewe aje, kwa sababu bunduki ni kama viatu. Hukunja mkono wake, mwisho wa kitako ukakaa katika kiwiko kwa ndani, na kidole chake kikafika penye chuma cha kufyatulia bila kujinyosha. Kwa mtu wa kimo cha kati hutokea kama inchi 13 na nusu, yaani sentimita 34 hivi. Yule mzee wa Rukwa ni mfupi, na mkono wake mmoja haukunjuki vema. Kitako chake cha zamani kilikuwa kirefu kwake inchi nzima. Alipokuwa akilenga, alikivuta chini ya kwapa badala ya bega. Hakujua ya kuwa jambo hilo larekebishwa. Alidhani bunduki zote huumiza.

Kwa kuchonga twatumia tezo, kisha randa, kisha tupa ya mbao, na kumalizia kwa kipande cha kioo na msasa. Wazee wanajua ya kuwa msasa ni jina la mti wenye majani yanayokwaruza, na kabla karatasi za dukani hazijafika majani yale ndiyo yaliyolainisha vyombo vya miti. Wakati wa kulainisha mninga, fungeni kitambaa puani na mdomoni, kwa maana vumbi lake huwasha pua na kubana kifua cha watu wengine. Mti ukiwa laini, ulowesheni kidogo kwa maji na kuukausha. Utaona nywele za mti zimesimama kama ndevu za siku mbili. Zikateni kwa msasa, mkarudia mpaka zisisimame tena. Asiyefanya hivi, umande wa usiku mmoja shambani utamfanyia.

Mwisho ni mafuta. Yafaa mafuta ya kitani yaliyochemshwa yauzwayo madukani, kwa kuwa hukauka yakawa ngozi ngumu juu ya mti. Mafuta ya karanga au ya mawese hayakauki. Hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Pakeni kidogo kabisa, sugueni kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, futeni yaliyobaki, ngojeni yakauke, mkapake tena. Twapaka mara nane, mara kumi. Na msisahau ndani: pale chuma kinapolala, na ncha ya nyuma inayofunikwa, ndiko maji ya masika yanakoingilia. Hapa twaweka onyo. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivikunje na kuvitupa pembeni. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka moto, hata usiku watu wakiwa wamelala. Vitandazeni nje kimoja kimoja vikauke, au vitieni katika ndoo ya maji.

Tulipomaliza kusema, mwalimu mmoja aliuliza kwa nini mti wa gobori la baba yake ni mweusi na laini shingoni kama sabuni, nalo halijavunjika. Tulimjibu kwamba hayo ni mafuta ya mtambo. Watu hutia mafuta mengi katika chuma, kisha husimamisha bunduki kinywa kikiwa juu, na mafuta hushuka mwaka baada ya mwaka mpaka shingoni, yakaulainisha mti. Chuma kipakwe mafuta haba kwa kitambaa, kisha bunduki iwekwe kinywa chini siku moja kabla ya kufungiwa mahali pake. Mti uliokwisha kulainika hivyo haufai kuaminiwa, ijapokuwa hauna ufa.

Mzee mwingine aliuliza kama kitako kilichovunjika kitupwe. La, kisitupwe. Kileteni pamoja na bunduki, hata kikiwa vipande, kwa kuwa ndicho kielelezo cha fundi: humwonyesha matundu yalikuwa wapi na mti ulikosea wapi. Kile cha mzee wa Rukwa, vipande viwili pamoja na waya na ngozi yake, kipo karakana kwetu juu ya rafu. Atakaye kuona pale mkia ulipopasua mti na aje siku yoyote ya kazi, kabla ya saa kumi.